Mgeni wa siku nzima: jinsi ya kupokea watalii Kilwa Kisiwani bila kuimaliza Kilwa

Huu ni mwaka wangu wa kumi na nne wa kuvusha wageni kutoka Kilwa Masoko kwenda Kisiwani. Swali ninaloulizwa sana na vijana, wa hapa Masoko, wa Kivinje, hata wanaonipigia simu kutoka Pangani, ni hili: dada, tuwapateje wageni wengi? Huwa nawajibu kwamba hilo ni swali la pili. La kwanza ni: mgeni akishafika, atakaa saa ngapi?

Kundi la watu arobaini likishuka, likapiga picha Gereza, ile ngome ya kale, likazunguka Msikiti Mkuu na kurudi chomboni ndani ya saa moja, linatuachia nauli ya boti na chupa za plastiki. Wageni wanne wanaoshinda kutwa wanakula kwa mama fulani, wananunua mkeka kwa mwingine, wanamlipa mtembezaji, wanamlipa nahodha, na nyayo zao ni nane tu juu ya sakafu ambayo ilishakanyagwa na masultani. Mgeni njoo mwenyeji apone, lakini mwenyeji hawezi kupona kwa mgeni anayekimbia. Yote ninayoeleza hapa yanatoka kwenye hesabu hiyo.

Kwanza zungukeni na wazee

Kabla ya bango na kabla ya ukurasa wa mtandaoni, tengeni asubuhi moja. Wachukueni bibi wawili, wazee wawili, na kijana mmoja mwenye daftari. Msiwaongoze, wao wawaongoze. Waulizeni kila mahali panaitwaje, nani anapatumia, na nini hakifanywi hapo.

Sisi tulipofanya hivyo nilijua vitu ambavyo nilikuwa nimevipita mara mia. Kuna kisima nilichokuwa nikiwaonyesha wageni kama kitu cha kale, kumbe kuna nyumba tatu zinateka maji pale kila alfajiri. Kuna kaburi ambalo watu hulipelekea ubani. Bibi mmoja alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, hapa usimlete mtu na kamera, tunakuja kuomba." Nilikuwa nimeshawaleta wengi. Siku ile ile nilimwomba radhi.

Daftari ligawanye mahali penu mafungu matatu: pa kila mtu, pa kuomba ruhusa kwanza, na pasipoingiwa kabisa. Lipelekeni kwenye mkutano wa kijiji lisomwe kwa sauti, watu wabishane, warekebishe, kisha nakala ikae ofisi ya kijiji. Mtembezaji anayekiuka asimamishwe. Bila hiyo nakala, kila mtembezaji atakuwa na sheria zake, na mgeni atafuata iliyo rahisi.

Panga siku kwa maji

Wanaopanga safari wakiwa mjini hutaja saa, sisi hutazama mwezi. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, kwetu maji hukauka kuelekea saa nne, saa tano asubuhi, na hujaa tena alasiri. Basi mgeni avuke saa moja, kibali chake kikiwa kimeshakatwa Masoko, kabla boti haijaanza kukwaruza chini. Msikiti Mkuu aukute kukiwa bado na ubaridi, jua likipenya ubavuni kati ya nguzo. Maji yakitoka, kina mama huteremka mwambani na vijiti kutafuta pweza, na mgeni anaweza kufuatana nao kama wamekubali na kama analipwa yule mama, si mimi. Saa saba chakula, kivulini: wali wa nazi, pweza, embe mbichi kama msimu wake umefika. Alasiri maji yamejaa, mnakwenda Husuni Kubwa, gofu la jumba la sultani, kwa boti na kupanda kutokea baharini, kama walivyokuwa wakipanda wageni wa sultani.

Siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo tu, ratiba hiyo haifai, pangeni nyingine. Na miezi ya kusi upepo hukaza alasiri, kwa hiyo majaketi ya kuokolea yavaliwe. Kuyalundika chini ya ubao hakumwokoi mtu.

Jambo dogo lenye uzito: mimi huweka kanga kumi safi kwenye boti. Kisiwani watu wanaishi, na ni Waislamu. Mgeni aliyekuja na kaptura nampa kanga kabla hajakanyaga mchanga, na kumwonyesha namna ya kuifunga. Hakuna aliyewahi kukataa. Aibu huja pale anapoambiwa akiwa ameshafika mbele ya watu.

Ukuta

Hapa naomba mnisome polepole.

Kuta za Kilwa ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa. Ukilitazama jiwe moja kwa karibu utaona matundu madogo madogo, kama mkate wa kumimina, na ndani ya matundu kuna chembe nyeupe za chumvi. Unyevu wa bahari unaingia, unatoka, chumvi inabaki. Chokaa ni laini, inaruhusu ukuta kupumua. Ukichomekea saruji, ile ngumu inafunga njia, unyevu unatafuta pa kutokea, unatokea kwenye jiwe lenyewe, na jiwe linaanza kumeguka kuzunguka kiraka. Miaka michache baadaye kiraka kimesimama peke yake, na jiwe la miaka mia saba limekuwa unga chini yake. Kwa hiyo mtu mwenye nia njema akija na mifuko ya saruji kuwasaidia, mshukuruni, na saruji ijenge choo cha wageni.

Mafundi wetu huchoma chokaa kwenye tanuri la duara: magogo chini, matumbawe juu, moto, kisha inaachwa muda mrefu ipigwe na mvua mpaka ilainike. Sasa fikirini: chokaa inataka matumbawe na magogo, na magogo ya karibu ni mikoko. Unaweza kuponya msikiti kwa kuua bahari. Tumieni mawe makavu yaliyokwisha kuanguka au ya machimbo ya nchi kavu, msiguse matumbawe yaliyo hai, na kuni ziwe za miti ya mashamba, minazi iliyokufa na miembe iliyoanguka. Kukata mikoko bila kibali ni kosa. Tena hakuna fundi anayegusa ukuta bila wahifadhi kujua.

Mgeni naye asipande. Si kwa hatua tatu, si kwa picha moja. Kampuni moja ilileta kundi kubwa, mtembezaji wao akawaruhusu vijana wawili wakae juu ya ukuta mfupi. Nilisikia jiwe likiteleza kabla sijaliona. Lilikuwa na ukubwa wa papai. Halikumwumiza mtu, na wale vijana walihuzunika kweli, lakini halikurudi mahali pake mpaka leo kwa namna lilivyokaa mwanzo. Tangu hapo sipokei zaidi ya watu wanane kwa mtembezaji mmoja, na maneno ya kutopanda nayasema botini, kabla ya kitu kingine chochote.

Magofu ya Kisiwani na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara yaliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yakawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na yakatolewa 2014. Miaka 10 ile watu walijenga, walichonga, walipanda miti ufukweni. Mimi nilikuwa sehemu ndogo sana ya kazi hiyo na bado nikipita naitazama kama mtu anavyomtazama mtoto aliyepona.

Mikoko: msipande kwa ajili ya picha

Mwaka wetu wa kwanza tulipanda miche mia tatu kwenye mchanga mtupu mbele ya mawimbi. Wageni walifurahi, tulipiga picha nzuri. Kusi ilipoingia iling'oa hii, ikafukia ile, tukabaki na michache tu. Mzee mmoja wa uvuvi akatuambia tulichotakiwa kumwuliza mapema: mkoko unataka tope. Anayesimama mbele kukabili bahari ni mlilana; mkoko wenyewe na msinzi hukaa nyuma yake; mchu huvumilia ukingo wa juu. Pandeni kila mti kwake. Na pale mikoko iliyokuwepo inajiotea yenyewe, kazi bora ni kuokota plastiki iliyonasa kwenye mizizi na kuiacha miche ikue. Mgeni akitaka kupanda, apande, lakini awepo mtu wa kijiji atakayerudi baada ya miezi mitatu kuhesabu iliyo hai, na alipwe kwa kuhesabu.

Sarafu na shanga

Baada ya masika, mvua huosha udongo na watoto huokota vitu: shanga, vigae vya vyombo vya Uchina, mara moja moja sarafu ya shaba. Mtoto ana njaa, mgeni ana noti mkononi. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inakataza, lakini mtoto hajaisoma.

Mimi huwasimulia hivi, watoto na wageni pamoja. Mwaka 1944, wakati wa vita, askari mmoja aliokota sarafu za Kilwa kwenye visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Za kwetu hasa! Zilifikaje huko? Wataalamu wanabishana mpaka leo, kwa sababu sarafu ikishatoka mahali ilipolala inakuwa kama barua iliyokatwa anwani. Kisha namwonyesha mtoto afanye nini: asiokote, aweke jiwe pembeni, aje aniite. Akiniita, namwandika jina kwenye daftari, na mgeni aliyepo anamlipa kwa kutuongoza hadi mahali. Anapata pesa, na kitu kinabaki kikimsubiri mhifadhi. Wazazi nao wahusishwe, maana hadithi peke yake haishindi njaa.

Simulia kilichopo

Kilwa haihitaji kuongezewa chumvi. Ibn Battuta, msafiri wa Moroko, alifika mwaka 1331 akausifu mji kwa uzuri, na sultani aliyemkuta, al-Hassan bin Sulaiman, aliitwa Abu al-Mawahib, baba wa hiba, kwa jinsi alivyokuwa akigawa. Husuni Kubwa, yenye bwawa lake la pembe nane, ni jumba la wakati wake. Dhahabu ya Sofala, bandari ya kusini iliyoko Msumbiji ya leo, ilipita hapa. Wareno waliuteka mji mwaka 1505 na kujenga ngome.

Na ile habari ya kisiwa kununuliwa kwa nguo zilizotosha kukizunguka, isimulieni kama habari ya wahenga iliyoandikwa kwenye tarikh ya Kilwa, maandishi ya kale ya historia ya mji, msiiseme kama mliona risiti. Tofauti hiyo mgeni anaisikia, na anakuamini kwa mengine yote. Nyumba za watu wa kawaida zisimulieni pia, za udongo na makuti, maana ndizo zilizolisha yale majumba.

Fedha

Hapa ni fupi. Kila mgeni andikiwe risiti. Nahodha, mpishi, msukaji na mtembezaji walipwe siku ile ile, mkono kwa mkono au kwa simu, na fungu la kijiji litengwe kabla ya kugawana, lisomwe kila mwezi mbele ya watu. Fungu letu limenunua mapipa ya taka na kumlipa mtu wa kufyeka, kwa sababu mizizi ya mti ukiota ukutani inafanya kazi ya nyundo. Palipo na siri ya fedha, watu huacha kulinda.

Kujitangaza

Anzeni na wa nyumbani. Shule za Lindi na Mtwara, familia za Dar es Salaam ambazo ziko kama kilomita 300 tu, wanafunzi wa vyuo. Hao hurudi, na huja hata miezi ambayo wazungu hawaji. Picha mnazotuma ziwe za mkono wa mama unaosuka ukili, za mashua ikiinua tanga, za pweza akipigwa mwambani, na maelezo yake yaseme wazi: siku nzima, watu wanane, kibali kinatakiwa, tunafunga saa za swala ya Ijumaa. Wengine watasoma hayo na kwenda kwingine. Wanaobaki huja wameshajiandaa, na nusu ya kazi yenu imekwisha.

Jioni, kabla boti haijang'oa nanga, hesabuni watu, hesabuni kanga, pitieni pale mlipokaa mkaokote hata maganda ya embe. Kisha fungueni daftari na mwandike: wamekuja wangapi, wamekaa saa ngapi, nani amelipwa, jiwe gani limelegea, mche gani umekufa. Mimi langu huandikia mapajani, bahari ikinirushia matone, na kurasa zake zote zina mabaka ya chumvi.