Kuongeza sabufa ya pili sebuleni

Jumamosi nilikuwa kwa shemeji, Tabata. Kanunua sabufa ya pili, ya mtumba, na alipoiwasha besi ikapungua. Alishataka kuirudisha dukani.

Nazungumzia sabufa yenye amplifaya yake ndani, si zile seti zenye vispika viwili.

1. Tafuta pacha wa uliyo nayo. Inchi 8 na inchi 10 mimi siziungi pamoja, ndogo inakoroma mapema.

2. Amplifaya ikiwa na tundu moja tu la sabufa, weka waya wa kugawa. Umeme wa zote utoke ekstensheni moja, zisije zikavuma.

3. Ziweke katikati ya kuta za pembeni, zitazamane. Sebule ya upana wa mita 4 ina mdundo wake wa karibu 43 Hz (mitetemo 43 kwa sekunde) unaojaa ukutani na kupotea katikati. Sabufa mbili zikiusukuma kutoka pande zote, unajifuta, na kila kiti kinapata besi inayokaribiana.

4. Fezi, yaani koni za sabufa zote (lile duara la spika linalotikisika) zitoke na kuingia pamoja. Hapa usiwe na haraka. Kwangu iliwahi kunila saa tatu nikibadilisha nyaya ambazo hazikuwa na kosa.

Chomoa spika kubwa. Washa sabufa mojamoja, sauti zilingane. Kisha piga mlio wa 60 Hz kutoka kwenye simu, zote zikiwaka. Usitumie muziki, unadanganya. Kaa kwenye kochi unalokalia siku zote, kichwa kitulie, mwenzako ageuze swichi ya fezi ya sabufa moja kutoka 0 kwenda 180. Penye sauti kubwa ndipo pake. Usihukumu ukiwa umesimama karibu na sabufa.

Na usiamini maandishi ya swichi. Za shemeji zote zilisoma 0, lakini ile ya mtumba ilishafunguliwa, waya mwekundu na mweusi vikarudishwa kinyume. Koni moja ikitoka, nyingine inaingia, na katikati ya kochi besi inakufa. Tulipogeuza 180, glasi mezani zikaanza kulia.

Rudisha spika kubwa. Ukitaka kujaribu fezi tena, sasa geuza swichi za sabufa zote mbili kwa pamoja. Ukigeuza moja unaharibu kazi yote.

5. Punguza sauti ya kila sabufa, maana mbili zikisukuma pamoja zinaongeza hadi desibeli 6. Krosova ya shemeji, ule mpaka ambao chini yake sauti inaachiwa sabufa, niliiacha 80 Hz.