Kutambua sarafu kongwe za Kusini-Mashariki mwa Asia, hatua kwa hatua

Kabla ya yote, usizisugue. Majivu, ndimu, dawa ya meno, vyote viweke mbali. Weusi uliokolea juu ya shaba ndio unaoonyesha kwamba sarafu haijachezewa, na ukishatoka haurudi. Shika sarafu kwa ukingo, uwe na lenzi, rula na mzani wa sonara.

1. Angalia umbo. Tundu la mraba lenye herufi nne kulizunguka mara nyingi ni la Vietnam au China. Soma juu, chini, kulia, kisha kushoto. Tundu la duara huenda likawa la satang, sarafu ndogo ya Siam (Thailand ya leo), au senti ya Indonesia ya Wadachi ya kuanzia 1936. Senti ya pembe nne bila tundu, yenye kichwa cha George VI, mfalme wa Uingereza, ni ya Malaya.

2. Tafuta alama. V kubwa, O mguu wake wa kushoto na C wa kulia, ni Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki. Geuza: simba anayechomoza kwenye mawimbi ni wa jimbo la Zeeland.

3. Soma mwaka. Hapa ndipo wengi hukosea, na hapa ndipo aliyepita chuo cha Kurani ana faida. Chukua sarafu ya shaba yenye picha ya jogoo: imeandikwa Kimalei kwa herufi za Kiarabu, "Tanah Melayu", yaani nchi ya Wamalei, na upande wa pili mwaka ١٢٤٧. Hiyo ni Hijria: zidisha 1247 kwa 0.97, ongeza 622, unapata 1831. Siam ina tarakimu zake na kalenda zaidi ya moja. Satang yenye ๑๒๗, yaani 127, ongeza 1781: ni 1908. Ukikuta mwaka wa Kibudha kama 2480, toa 543: ni 1937.

4. Pima uzito, hasa piastre ya fedha ya Indochina ya Wafaransa, maana bandia zake zimejaa sokoni. Zilizotolewa kuanzia 1895 hadi 1928 zinajieleza zenyewe: chini ya jina la thamani pameandikwa kwa Kifaransa TITRE 0,900 POIDS 27 GR, yaani usafi wa fedha 0.900, uzito gramu 27. Kipenyo ni milimita 39. Iliyolika kwa matumizi hupungua kidogo tu. Mzani ukisoma gramu 22 huku sura ingali kali, irudishe kwa muuzaji. Sumaku peke yake haitoshi. Fedha haivutwi, lakini shaba nyeupe ya bandia nayo haivutwi.