Namna ya Kunyoa bila Kuogopa Kuota Nywele Nene

Wengi huahirisha kunyoa ndevu za kwanza, au vinyweleo vya miguuni, kwa kuamini kwamba wembe ukishapita nywele zitarudi nyingi na nene zaidi. Hofu hiyo haina msingi, kwa sababu sehemu iliyo hai ya unywele imo ndani ya ngozi, ilhali wembe hukata ile ya nje tu, ambayo imekwisha kufa. Mwaka 1928 mtafiti Mmarekani Mildred Trotter alifuatilia ndevu za wanaume waliokuwa wakinyoa, asione wembe ukizidisha kasi wala unene. Katika utafiti mwingine wa mwaka 1970, wanaume watano walinyolewa mguu mmoja kila wiki kwa miezi kadhaa na wa pili ukaachwa, na nywele za miguu yote miwili hazikutofautiana.

Kinachodanganya jicho ni ncha: unywele usiowahi kukatwa huchongoka, bali uliokatwa huota tena ukiwa butu, ukakwaruza mkono. Isitoshe, kijana huanza kunyoa katika umri uleule ambao homoni zinanenepesha ndevu zake, na wembe ukasingiziwa kazi ya balehe. Mtoto mchanga naye hunyolewa kwa sababu za dini au mila, nazo zinatosha bila kudai kwamba wembe utamwotesha nywele nene. Nywele zake za kwanza zingepukutika zenyewe hata hivyo.

Basi jambo la kuangaliwa ni ngozi. Lainisha nywele kwa maji ya uvuguvugu kwa dakika chache, kisha paka povu la kunyolea. Tumia wembe mkali, fuata upande nywele zinakoelekea, usivute ngozi wala usirudie rudie mahali pamoja. Suuza kwa maji baridi, ujifute kwa kugusagusa. Spiriti, ambayo baadhi ya vinyozi huipenda mno, huchoma na kukausha ngozi.

Mwenye ndevu za kipilipili ana sababu ya kujihadhari zaidi, maana unywele wa aina hiyo ukikatwa karibu mno hujikunja na kutoboa ngozi ukaingia tena ndani, ndipo vinapotokea vipele vya kidevuni na shingoni. Watu wengi wakiviona huzidi kuparua, na hali ikawa mbaya zaidi. Pumzisha wembe kwa wiki kadhaa, usivitumbue, na ukirudi kunyoa tumia mashine inayoacha nywele za urefu wa milimita moja hivi. Wembe usiazimane na mtu, na kwa kinyozi dai mpya ufunguliwe mbele yako, kwa kuwa virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kupita kwenye damu kidogo tu.

Mwanamke anayeona ndevu zikimzidi ghafla, hasa ikiwa hedhi yake pia imevurugika, aende kwa daktari apimwe homoni. Kunyoa anaweza kuendelea nako wakati akisubiri majibu.