Namna ya Kuketi Mezani kwa Mpishi wa Kiitaliano

Ukialikwa kula nyumbani kwa Mwitaliano, awe ni jirani aliyehamia Shangani hapa Mtwara au familia itakayokupokea ukiwa masomoni Italia, fahamu kwanza kwamba chakula hakitaletwa chote kwa pamoja. Sisi tumezoea wali, mchuzi, samaki na mboga vifike kwa wakati mmoja, kila mtu akachota apendavyo. Mwitaliano hupanga mlo wake kwa zamu: sahani moja ikishaondolewa ndipo nyingine huletwa, na kila chakula hupewa nafasi yake. Asiyejua mpangilio huo hushiba mapema, akabaki kuitazama nyama ambayo mwenyeji wake amekesha akiiandaa.

Maandalizi huanza siku chache kabla. Kama huli nguruwe wala hutumii kilevi, mwambie mwenyeji mapema na kwa uwazi, kwa maana vitu hivyo huingia hata mahali ambapo jicho haliwezi kuviona. Mchuzi wa nyama ya kusaga uitwao ragù mara nyingi huchanganya nyama ya ng'ombe na ya nguruwe na kutiwa mvinyo. Tambi za carbonara hupikwa kwa nyama ya shavu la nguruwe iliyokaushwa kwa chumvi. Na tiramisù, kitamutamu cha kahawa na jibini laini, wengine huitia pombe. Mpishi hatachukizwa kuambiwa. Atakayechukizwa ni yule aliyepika nusu siku kisha mgeni asiguse. Tena pwani yetu humrahisishia kazi, kwa kuwa ngisi, kamba na pweza ni vitoweo ambavyo Waitaliano wa pwani wamevipika tangu zamani. Zawadi nayo isikuumize kichwa: korosho nzuri za kukaanga zinatosha.

Fika kwa wakati uliopangwa. Nchini Italia chakula cha mchana huliwa mnamo saa saba na cha usiku mnamo saa mbili, na tambi hazimsubiri mtu. Mpishi hutenga gramu 80 hadi 100 za tambi kavu kwa kila mlaji, huchemsha lita moja ya maji kwa kila gramu 100, akatia chumvi ya takriban gramu 10 kwa lita, na huzitosa tambi pale tu walaji wanapokuwa wamefika. Akiita watu mezani, acha simu na mazungumzo ya barazani, uende mara moja.

Kianzio, yaani antipasto, huwa kidogo na chenye ladha kali: mkate uliochomwa na kuwekewa nyanya, zaituni, au pweza aliyechemshwa akalainika, akakatwakatwa pamoja na viazi na kutiwa mafuta ya zaituni, limau na majani ya kitimiri. Mtu aliyezoea pweza wa Mikindani atavutiwa mno na sahani hii, na hapo ndipo penye mtego. Onja, sifu, kisha uache nafasi tumboni.

Baada yake huja primo, ambayo mara nyingi ni tambi. Hapa sahau tambi zetu za sukari na nazi. Tambi hizi hupikwa zikaiva huku kiini chake kikibaki kigumu kidogo chini ya jino, na ndivyo zinavyotakiwa kuwa. Usidhani kwamba ni mbichi. Usizikate kwa kisu. Shika uma kwa mkono wa kulia, chukua nyuzi tatu au nne tu kutoka ukingoni, gandamiza ncha za uma kwenye sahani na uuzungushe taratibu mpaka nyuzi zijifunge kuwa tonge dogo linaloingia mdomoni bila kuning'inia. Ukichukua nyuzi nyingi, tonge litakuwa kubwa kuliko kinywa. Ikiwa mchuzi ni wa samaki au kamba, usiombe jibini ya kunyunyizia, kwa kuwa kwa desturi viwili hivyo havichanganywi. Sosi ya nyanya ya chupani pia usiiulize kabisa. Pilipili unaweza kuiomba bila wasiwasi, maana watu wa Calabria, kusini mwa Italia, huipenda kama sisi.

Secondo ni samaki au nyama, pamoja na mboga pembeni. Mkate upo mezani tangu mwanzo, lakini kazi yake bora ni mwishoni: mega kipande kidogo, ufute mchuzi uliobaki kwenye sahani na ukile. Nyumbani jambo hilo humfurahisha mpishi kuliko maneno mengi, ingawa kwenye karamu rasmi ni vyema kujizuia. Kubakiza chakula kunaweza kumfanya adhani hakikukupendeza, kwa hiyo pakua kidogo kila mara, ukijua kwamba atakusihi uongeze.

Matunda na kitamutamu hupita haraka, kisha huletwa kahawa nzito katika kikombe kidogo. Ya maziwa ni ya asubuhi. Kahawa ikiisha usiinuke papo hapo, kwani mlo wa namna hii huchukua saa mbili au zaidi na mazungumzo ni sehemu yake. Mwulize mwenyeji anatoka mkoa gani na kwao hupikwa nini, kwa sababu mapishi ya Bologna si ya Napoli, na kila mmoja hutetea ya nyumbani kwao kwa moyo wote. Unapoaga, mtajie kwa jina chakula kilichokukolea zaidi, na umwombe akueleze namna anavyokipika.