Namna ya Kujenga Tovuti ya Kugawana Data za Kijiografia Itakayodumu Kutumika

Kabla ya kukodi seva au kumwita mtaalamu wa programu, taasisi inayotaka kujenga tovuti ya kugawana data za kijiografia iandike kwenye karatasi ni nani atakayeitumia na ni uamuzi gani mtu huyo anatakiwa kuufanya. Afisa mipango miji wa Kinondoni anataka kujua kama kiwanja kinachoombewa kibali cha ujenzi kimo ndani ya eneo linalofurika la Mto Ng'ombe. Mratibu wa maafa wa wilaya anataka kujua ni shule zipi za kata ya Kigogo zinazoweza kupokea familia zilizokimbia maji. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu Ardhi anataka nyumba zote za Tandale katika faili moja ili afanye hesabu zake mwenyewe. Wa kwanza anahitaji kuiona ramani na kuichapa, wa pili anahitaji jibu la haraka kwenye simu akiwa njiani, na wa tatu anachotaka ni kupakua tu. Tovuti nyingi huwekewa ramani kubwa ya kupendeza kwenye ukurasa wa mbele kwa sababu ndiyo inayowavutia wageni siku ya uzinduzi, kumbe watumiaji wa kila siku wanatafuta kisanduku cha kutafutia na kitufe cha kupakulia.

Hatua inayofuata ni kuuliza data zipi tayari zipo na ziko kwa nani. Dar es Salaam ina utajiri ambao wageni wengi hawautarajii. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, uliwakutanisha wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa kata zinazokumbwa na mafuriko ili wachore majengo, barabara na mifereji, na kazi yao ikawekwa wazi kwenye OpenStreetMap, ramani ya dunia inayochorwa na watu wa kujitolea na iliyo wazi kwa wote. Resilience Academy, inayoshirikisha vyuo vikuu vya Tanzania na University of Turku, nayo imeweka hadharani hazina ya data za hatari za tabianchi. Mjenzi mpya hana sababu ya kunakili yote hayo kwenye seva yake, kwa kuwa nakala huanza kuzeeka siku ileile inapotengenezwa. Ni heri kuunganisha tovuti na chanzo chenyewe kila inapowezekana, na kubaki na zile data ambazo taasisi yako ndiyo yenye wajibu wa kuzitunza.

Neno wajibu ndilo ninaloomba msomaji alizingatie kuliko programu yoyote, kwa sababu kila tabaka la ramani (seti moja ya data, kama vile mipaka au majengo) linahitaji mwenyewe, yaani cheo kinachojulikana katika ofisi inayojulikana, chenye jukumu lililoandikwa la kulisahihisha na tarehe ya kulipitia upya. Chukua mipaka ya kiutawala. Matabaka yaliyochorwa kabla ya Ubungo kutengwa na Kinondoni, na Kigamboni kutengwa na Temeke, yanaonyesha mkoa wenye wilaya tatu, nayo bado yanazunguka kutoka kompyuta moja hadi nyingine bila tarehe yoyote. Mwaka 2021 Manispaa ya Ilala ikawa Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam, na jedwali lolote linaloendelea kutumia jina la zamani litashindwa kuungana na takwimu mpya. Mtumiaji aliyepakua tabaka la aina hiyo akagundua kosa baada ya kuwasilisha ripoti yake hatarudi tena, na atawaambia wenzake wasirudi. Kwa hiyo tabaka lisilo na mwenyewe lisipandishwe hata kama limechorwa vizuri. Matabaka kumi na mawili yanayotunzwa yana thamani kuliko mia tatu yaliyorundikwa.

Maelezo yanayoambatana na data, yaani metadata, hupewa nafasi ya mwisho katika miradi mingi, na hapo ndipo utafutaji wote unapokwama. Kipo kiwango cha kimataifa, ISO 19115, kinachoorodhesha mambo mengi ya kujaza. Fomu yenye visanduku mia haitajazwa na mtu yeyote, hivyo chagua vichache na uvifanye vya lazima: kichwa, muhtasari, tarehe data zilipokusanywa, njia iliyotumika, mwenyewe, leseni, na kasoro zinazojulikana. Kichwa kiandikwe kama mtu anavyouliza. Faili lililopewa jina la vifupisho vya mradi halitapatikana na mtu anayeandika "mafuriko Jangwani", wakati tabaka lenye kichwa "Maeneo yanayofurika katika bonde la Msimbazi" litapatikana mara moja. Muhtasari uandikwe kwa Kiswahili kwanza, kwa kuwa watendaji wa kata na wenyeviti wa mitaa ni watumiaji halali wa data hizi, tena mara nyingi ndio waliozitoa. Eleza pia maana ya kila safu ya jedwali, hasa kwa mafaili ya shapefile, aina ya zamani ya faili la ramani, ambayo hukata majina ya safu yakizidi herufi kumi na kuacha vifupisho visivyoeleweka na mtu mwingine.

Suala la koordineti, yaani namba zinazoonyesha kitu kiko wapi duniani, linastahili uangalifu wa pekee katika nchi yetu. Ramani nyingi za zamani za Tanzania zilitengenezwa kwa mfumo wa Arc 1960, ilhali vipokezi vya GPS na ramani za mtandaoni hutumia WGS 84. Data za mfumo mmoja zikisomwa kana kwamba ni za mwingine, kila kitu husogea takriban mita 300. Kwa mtu wa Magomeni au Mchikichini, umbali huo unatosha kuihamisha nyumba kutoka ukingoni mwa mto hadi mahali pakavu, na ramani itaendelea kuonekana nadhifu bila dalili yoyote ya kosa. Mpakiaji alazimishwe kutaja mfumo aliotumia kwa namba yake rasmi, ambayo kwa Dar es Salaam kwa kawaida huwa EPSG 21037 kwa Arc 1960 au 32737 kwa WGS 84 (EPSG ni orodha ya kimataifa ya namba za mifumo ya koordineti), zote zikiwa katika kanda ya 37 kusini ya UTM, mfumo unaoigawa dunia katika kanda. Kisha mtu alinganishe tabaka na picha ya angani kabla ya kulichapisha.

Kuhusu programu sina mengi ya kusema. GeoNode, programu ya kuendeshea tovuti ya data za ramani iliyojengwa juu ya GeoServer (inayotoa ramani mtandaoni) na PostGIS (kanzidata), ni ya bure na inatosha kwa taasisi nyingi. Jambo la kusimamia ni kwamba data zitolewe kwa viwango vya wazi: WMS kwa anayetaka kuona, WFS kwa anayetaka kuunganisha programu yake, na mafaili ya GeoPackage, GeoJSON au CSV kwa anayepakua.

Kumbuka pia kwamba mtumiaji analipia bando. Onyesha ukubwa wa kila faili kabla ya kupakuliwa, ruhusu kupakua kata moja badala ya mkoa mzima, na picha za droni zikatwe vipande vidogo, kwa kuwa picha nzima ya kata moja inaweza kufikia gigabaiti kadhaa.

Leseni iandikwe waziwazi kwenye kila tabaka. Ukichukua data za OpenStreetMap, unafungwa na leseni ya ODbL, inayodai utaje chanzo na utoe kwa masharti yaleyale kanzidata utakayoichapisha kutokana nayo. Upande wa faragha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inahusu moja kwa moja madodoso ya kaya, ambayo huchanganya kina cha maji na jina la mwenye nyumba pamoja na namba yake ya simu. Ondoa taarifa hizo kabla ya kupakia. Zaidi ya sheria, familia iliyokueleza maji yalifika wapi ukutani ilikuamini, na haipendezi nyumba yake ionekane peke yake kwenye ramani ya umma. Jumlisha taarifa kwa shina au kwa mtaa, na viongozi wa mtaa waone matokeo kabla ya kuchapishwa.

Miradi mingi hulipwa na wafadhili kwa miaka michache, hivyo gharama za seva, jina la tovuti na nakala za akiba ziingizwe kwenye bajeti ya kawaida ya taasisi tangu mwaka wa kwanza, na nywila zishikwe na watu wawili walioajiriwa. Weka kitufe cha kuripoti kosa kwenye kila tabaka, na taarifa hiyo iende kwa mwenyewe wa tabaka akitakiwa kujibu ndani ya muda uliotangazwa. Mwisho wa kila mwezi, zaidi ya kuhesabu waliotembelea, chapisha orodha ya maneno yaliyotafutwa bila kupata jibu na uipeleke kwenye kikao cha wenye matabaka, kwa kuwa humo ndimo mnamopatikana tabaka linalopaswa kuongezwa au kichwa kinachopaswa kuandikwa upya.