Somo: Tuandike hadithi ya Somoe na Tatu, hatua kwa hatua

Ndugu wanachama, asalaam aleikum, na habari za msimu.

Nimesoma hadithi za watoto mlizoniletea, na nyingi zina jambo moja linaloniuma. Mtoto mwenye upungufu hapendwi mpaka aokoe kijiji. Mwenye mguu mfupi ndiye anayegundua moto, mwenye kigugumizi ndiye anayemfukuza simba, hapo ndipo wenzake wanamkumbatia. Sasa mfikirieni mtoto wa darasa la tatu pale Mikindani, Mtwara, ambaye maneno humkwama kweli. Anapoisikia hadithi hiyo anaelewa kwamba zamu yake ya kupendwa bado haijafika, maana simba hajaja. Leo tujenge hadithi nyingine.

Hatua ya 1: Mahali kwanza

Usianze na "hapo zamani palikuwa na kijiji". Taja Mikindani, taja mwezi wa kumi, mabibo yameiva na harufu yake imejaa njiani. Watoto wetu wanajua kwamba msimu wa korosho ukiwa mzuri kuna viatu vipya, na ukiwa mbaya hakuna. Kujua huko ni nusu ya hadithi, na hulazimiki kueleza chochote.

Jina Somoe nimelichagua makusudi. Huku kwetu, kuanzia Kilwa mpaka Mikindani, si jina geni. Tena ndani yake mna "somo", yaani mtu mwenye jina kama lako, au rafiki wa chanda na pete.

Hatua ya 2: Mmoja awe na haya, mwingine awe na hamu

Somoe ana miaka 9 na ana kigugumizi. Sauti ya "t" ndiyo humshika zaidi, na rafiki yake anaitwa Tatu. Kwa hiyo humwita "somo" tu, na Tatu hajawahi kuuliza kwa nini.

Tatu anataka kuchonga mpingo. Hapa mpe msomaji mti wenyewe aushike: nje ya gogo ni rangi ya maziwa ya mtindi, ndani ni mweusi, na kipande chake ukikitupa baharini kinazama kama jiwe. Watoto hawachoki kusikia kwamba kuna mti unaozama. Fanya Tatu akitupe, kisha akipigie mbizi akitafute, maana hana kingine.

Hatua ya 3: Msaada uwe na gharama

Hapa ndipo mkae, msikimbie. Wengi huandika "Somoe alimsaidia rafiki yake" na kufunga ukurasa. Kumsaidia mtu apate anachokitamani ni kumsaidia aende mahali ambako pengine wewe hutakuwepo, na mtoto analijua hilo kabla ya mtu mzima. Mimi ningeandika hivi:

*Jioni ile Somoe alihesabu pesa za korosho alizouza stendi. Zilitosha viatu vya mdogo wake Idi, au patasi moja. Akazifunga kwenye pindo la khanga, akazifungua, akazifunga tena. Kwa mbali alimsikia Tatu akigonga gogo: ko, ko, ko. Akijua kuchonga, aliwaza, nani atakwenda nami kusaka kaa maji yakipwa?*

Usimjibu. Mwache alale na swali hilo usiku mzima, na asubuhi anunue patasi.

Hatua ya 4: Kigugumizi kisipone

Patasi haitoshi, anahitajika fundi wa kumfundisha. Tatu anaogopa kwenda kuomba, hivyo Somoe anatangulia.

*"Shikamoo, fundi."*
*"Marahaba, mjukuu wangu. Sema."*
*"Rafiki yangu T... T..."*
*Vijana waliokuwa wakipiga msasa wakacheka. Fundi aliweka tezo chini, akakaa. Kuku alipita, akarudi.*
*"T... Tatu anataka kujifunza kuchonga."*
*"Na wewe waitwa nani?"*

Basi. Hakuna makofi. Sentensi ile imetoka ikiwa imekatika hivyo hivyo, na imefika.

Hatua ya 5: Isome kwa sauti

Msomee mtoto usiyemzaa, maana wako atakuonea huruma. Akianza kuchezea kidole cha mguu, kata hapo. Kama unawaza kuichapa, vitabu vya picha mara nyingi huwa na kurasa 24 au 32, hivyo maneno yawe machache na mchoraji apate nafasi.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, Nachingwea: Shikamoo mwalimu. Kuchonga kwa Wamakonde kumekuwa kazi ya wanaume. Wazee hawatachukia kumwona Tatu na tezo?

Marahaba. Mpe babu yake Tatu mashaka hayo, na umwandike kwa heshima. Ajibiwe na kazi ya Tatu, pasiwe na mtu wa kumhutubia. Ukimfanya babu kuwa mtu mbaya, umewapoteza mababu wote watakaosoma kitabu hicho na wajukuu zao.

Kijana, Tandahimba: Somoe akiuza korosho, si tutakuwa tunawafundisha watoto kangomba, ile biashara ya magendo ya korosho ghafi?

Umeona mbali, mdogo wangu. Korosho ghafi asiguse. Auze za kukaanga, vifurushi vidogo, na akaange bibi. Watoto wanajua mafuta ya ganda yanavyounguza ngozi na yanavyolipuka moto juu ya bati, wakimwona Somoe jikoni peke yake hawatakuamini tena.

Dada, Lindi mjini: Naweza kutumia maneno ya Kimwera?

Tumia, kwenye mdomo wa bibi. Na wahusika wale ming'oko, mizizi ya porini ya huku kwetu, si viazi.

Mama, Masasi: Mwalimu, mwanangu ana kigugumizi. Nilimsimulia, akaniuliza kwa nini Somoe hakupona. Nilikosa jibu.

Pole, mama, na ahsante kwa kuniamini. Usimpe jibu. Mpe karatasi asome yeye maneno ya Somoe, ninyi wengine mgawane yaliyobaki. Akikwama msimmalizie neno, msimwambie apumue, msitazame pembeni. Mtazameni yeye na mngoje, kama fundi.

Mama, Masasi: Amesoma jana usiku. Ukurasa mmoja, chai ikapoa. Leo ameniuliza kama fundi alimkubali Tatu, nikamwambia karatasi iko juu ya kabati. Amekwenda kuleta kigoda.