Mgongo ukikaza: kujikanda na tangawizi ukiwa nyumbani

Mgongo ukikubana, ule wa chini kwenye kiuno yaani, unainama kuokota hata kijiko tu afu unabaki hapohapo umeshika meza unaogopa kupumua, wengi tunakimbilia kidonge. Sio kosa, ila jaribu kukanda kwanza.

Nianze na ukweli mmoja ambao wanaosifia tangawizi hawausemi: kazi kubwa inafanywa na joto. Joto linavuta damu pale panapouma na msuli uliojikaza unaanza kulegea, tangawizi inaongezea ule umotomoto kwenye ngozi na harufu yake inatuliza, basi. So kama huna tangawizi usisubiri, maji ya moto matupu yanafanya kazi, au kaanga chumvi ya mawe kavukavu kwenye sufuria ufunge kwenye kitambaa kizito.

Haya, chukua tangawizi mbichi kama ukubwa wa ngumi, ioshe, usimenye, ikwaruze au itwange tu, funga kwenye kitambaa safi chepesi. Chemsha maji lita mbili hivi, yakishachemka zima moto kwanza ndio utumbukize kifurushi chako, funika dakika kumi mpaka maji yawe ya njano. Chovya taulo ndogo, kamua vizuri (taulo inayochuruzika ndiyo inayounguza watu) afu iguse na sehemu ya ndani ya mkono, pale kwenye kifundo. Ukishindwa kuiacha hapo ukahesabu mpaka kumi bila kuivuta, bado ni ya moto sana, ipepee kidogo.

Lala kifudifudi, mto chini ya tumbo, taulo ikae kiunoni na juu yake weka taulo kavu ili joto lisikimbie. Itapoa baada ya dakika tatu nne, chovya tena, kwa jumla dakika 15 mpaka 20 zinatosha. Hapa unahitaji mtu wa kukusaidia maana kujibandulia taulo mwenyewe huku umelala kifudifudi ni kutafuta maumivu mengine. Uko peke yako? Jaza maji ya moto kwenye chupa ya mpira, izungushie taulo, ikae kati ya mgongo na kiti. Ila usilale nayo usingizini, watu wanaamka na malengelenge.

Angalia ngozi kwanza. Mimi siku moja nilikuwa na vipele vya joto nimejikuna, nikaweka tangawizi bila kufikiria, weee, mgongo nilisahau kabisa jinsi ngozi ilivyowaka! Kama una kidonda au mchubuko iache tangawizi. Na mwenye kisukari ambaye ngozi yake imeanza kufa ganzi asitumie joto kabisa kwenye sehemu hiyo, anaweza kuungua asijue.

Kama umeumia sasa hivi, umeteguka na pamevimba, siku mbili za kwanza barafu ndani ya kitambaa ndio inasaidia zaidi, dakika 15 hivi, joto litafuata baadaye.

Ukimaliza kukanda usirudi kitandani! Hapa ndio wengi tunaharibu, unasikia umelegea unasema ngoja nilale siku nzima, kesho yake umekaza kuliko jana. Tumia huo ulaini, tembea taratibu ndani ya nyumba dakika kumi, afu lala chali uvute goti moja kifuani, hesabu ishirini, badilisha. Ikivuta ni sawa, ikichoma acha. Rudia kukanda mara mbili tatu kwa siku, na usiku weka mto chini ya magoti ukilala chali au katikati ya magoti ukilala ubavu. Maumivu mengi ya kiuno yanapungua yenyewe ndani ya wiki chache, wewe unayapunguzia makali tu.

Sasa kuna mgongo ambao sio wa kukanda. Umeanguka vibaya, una homa, unapungua uzito bila sababu, au maumivu yanazidi usiku hata ukiwa umetulia, muone daktari. Na ukiona mguu unaishiwa nguvu, ganzi katikati ya mapaja, mkojo au choo hukizuii au mkojo hautoki, hapo hata sufuria usibandike, ni hospitali saa hiyohiyo.